Mtu wa ngumi au mtu wa mieleka: chipukizi yupi wa MMA umfuate?

Januari 2018 nilimpa Francis Ngannou, mpiganaji wa MMA (mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka), imani yangu yote. Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo alikuwa amempiga Alistair Overeem ngumi ya kushoto iliyotoka chini, Overeem akaanguka kama gunia lililokatwa kamba, na kila shabiki niliyemjua alikuwa na kauli moja: huyu hashikiki. Kisha akaingia ulingoni na bingwa Stipe Miocic pale Boston. Raundi ya kwanza alirusha ngumi za kuua mtu. Miocic akaziinamia, akamkumbatia, akambwaga. Kufika raundi ya tatu Ngannou alikuwa anahema mdomo wazi, mikono imeshuka, na kilichobaki kilikuwa mateso kwetu tuliokesha kwa ajili yake. Majaji wote watatu waliandika 50-44 kwa Miocic.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza amshabikie chipukizi gani, simtajii jina. Namuuliza kwanza kama moyo wake uko kwa mtu wa ngumi au mtu wa mieleka. Hawa wawili hawaivi kwa muda mmoja, hawavunji moyo kwa njia moja, na anayewapima kwa kipimo kimoja atakuwa anabadilisha timu kila mwezi.

Kwa mgawanyo wangu, mtu wa ngumi ni yeyote anayetegemea kumaliza kazi akiwa amesimama, iwe kwa ngumi, teke, goti au kiwiko. Mtu wa mieleka ni yeyote anayetaka kukushika kwanza, awe ametokea kwenye mieleka yenyewe, judo, sambo (mieleka ya Kirusi) au jujitsu. Najua wapo watakaosema siku hizi kila mpiganaji anajua kila kitu. Mazoezini, sawa. Lakini pumzi ikianza kukata, kila mtu hurudi kwenye kile alichofundishwa kwanza.

Raha ya kutazama

Hapa sizunguki: mtu wa ngumi anashinda. Glavu za MMA ni za aunsi 4, wakati zile za masumbwi ya kulipwa ni za aunsi 8 au 10, kwa hiyo hata ngumi iliyopenya pembeni ya mkono wa kujikinga inaweza kumlaza mtu. Ngannou yuleyule, baada ya kushindwa na Miocic na kisha kupigana ovyo na Derrick Lewis, aliwamaliza Curtis Blaydes, Cain Velasquez, Junior dos Santos na Jairzinho Rozenstruik mfululizo. Ukijumlisha muda wa mapambano yote manne, haufiki dakika 3. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, umekosa.

Mtu wa mieleka anataka mtazamaji mwenye subira. Agosti 2025, Chicago, Khamzat Chimaev alimnyang'anya Dricus du Plessis mkanda wa uzani wa kati kwa kumweka chini zaidi ya dakika 20 kati ya 25. Kuna wakati alimfunga mikono yote miwili, mmoja kwa miguu na mwingine kwa mkono wake, akawa anampiga kichwani ngumi ndogondogo zisizo na haraka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua haina mwenyewe. Mashabiki waligawanyika vibaya. Kuna walioona ubabe wa hali ya juu, kuna waliosema wameibiwa usiku wao. Mimi niko na hao wa kwanza, ingawa nakiri kwamba raundi ya nne nilisinzia kidogo.

Anayezomea mieleka mara nyingi anamtazama mtu asiye sahihi. Acha kumwangalia aliye juu, mwangalie wa chini. Anatafuta kuegemeza mgongo kwenye uzio wa ulingo, anasimika kiwiko sakafuni, anainua goti moja. Akikaribia kusimama, wa juu anamvuta kifundo cha mguu, na kazi yote inaanza upya. Ukishaiona vita hiyo mara moja, hutaiona tena kama watu wawili waliolala.

Nani huficha udhaifu wake kwa muda mrefu

Hiki ndicho kipengele ambacho kingepaswa kukusumbua kuliko vyote.

Mtu wa ngumi huumbuka mapema. Mpinzani yeyote mwenye mieleka ya kawaida tu akimshika miguu, unajua papo hapo kama kijana anaweza kunyanyuka au la. Ngannou aliumbuka kabla hajatimiza miaka mitano tangu pambano lake la kwanza la kulipwa. Iliuma, lakini angalau tulijua anachokosa.

Mtu wa mieleka anaweza kukaa miaka bila kuumbuka. Anamwangusha wa kwanza, wa pili, wa saba, kila mmoja anatiwa kabali au anapigwa akiwa chini, na hakuna anayejua kijana atafanya nini siku mwereka wake ukikataa. Chukua Bo Nickal. Alikuwa bingwa wa mieleka wa vyuo vikuu vya Marekani mara tatu akiwa Penn State, na alipoingia MMA kulikuwa na mashabiki waliokwisha mpa mkanda wa uzani wa kati kabla hajafikisha mapambano matano. Novemba 2024 alipigana na Paul Craig akiwa amesimama muda mwingi, akashinda kwa pointi, ukumbi ukamzomea. Wengi walisema alikuwa anafanya mazoezi tu. Mimi niliona kitu kingine: mtu asiyejua afanye nini na mikono yake. Mei 2025 akakutana na Reinier de Ridder, mtu wa judo na jujitsu ambaye haogopi kushikwa. Wakakumbatiana, Nickal hakupata alichozoea kupata, na katika raundi ya pili goti moja la tumbo likamkunja hadi sakafuni. Sifuri ya kutoshindwa kwenye rekodi yake ikaondoka.

Mfano mzuri zaidi wa jambo hili ni wanawake wawili, na nashangaa hautajwi mara kwa mara kwenye mabishano yetu. Ronda Rousey, shaba ya judo ya Olimpiki ya 2008, alishinda mapambano yake 12 ya kwanza, mengi kwa kuuvuta mkono wa mpinzani hadi asalimu amri. Watu walimwita asiyeshindika. Novemba 2015, Melbourne, Holly Holm, aliyekuwa bingwa wa masumbwi, alimzunguka tu. Rousey akamfuata moja kwa moja bila kukata njia, akichomwa na ngumi ya kushoto kila anaposogea. Raundi ya pili alijitupa, akakosa, akapiga magoti, na alipokuwa anainuka na kugeuka akakutana na teke la shingo. Mwaka uliofuata Amanda Nunes alimmaliza kwa sekunde 48.

Sasa mweke kando yake Kayla Harrison. Judo pia, tena dhahabu mbili za Olimpiki, 2012 na 2016. Yeye alipigwa kabla hajafika UFC, ligi kubwa kuliko zote za MMA: Novemba 2022 Larissa Pacheco alimshinda kwa pointi kwenye fainali ya PFL, ligi nyingine ya MMA. Wapo walioandika kwamba ameisha. Aprili 2024 akaingia UFC na mpinzani wake wa kwanza akawa Holly Holm yuleyule. Harrison hakumfukuza. Alimbana kwenye uzio, akampeleka chini, na raundi ya pili akamtia kabali. Juni 2025 akamfunga mkono Julianna Peña akauchukua mkanda. Wote wawili ni watu wa judo wenye medali, na kwa maoni yangu kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alionyeshwa shimo lake angali na muda wa kulifukia.

Sifuri kwenye rekodi

Mashabiki wengi huanza kuchagua kwa kuangalia rekodi. 10-0, yaani ushindi kumi bila kushindwa, huyo ndiye. 9-2, huyo wa kawaida. Khabib Nurmagomedov alituharibu, kusema kweli: alistaafu Oktoba 2020 akiwa na 29-0, na tangu hapo kila kijana mwenye sifuri anavalishwa kofia yake.

Ilia Topuria alimaliza 2025 akiwa 17-0, amewalaza kwa nokauti Alexander Volkanovski, Max Holloway na Charles Oliveira mmoja baada ya mwingine. Huo ndio ushahidi ambao watu huuleta. Ushahidi wangu mimi ni wa Machi 2022, London, usiku ambao wengi hawakuwa wanamtazama. Alikuwa amepanda uzani kupigana na Jai Herbert, mrefu kuliko yeye kwa mbali. Raundi ya kwanza teke la kichwa lilimwangusha. Topuria hakujifanya shujaa kwa kusimama haraka arudishe ngumi. Alishika, akanusurika, raundi ikaisha. Ya pili akamsogeza Herbert hadi kwenye uzio, akapiga mwilini, kisha akampiga ya kulia iliyomzimisha. Rekodi inasema sifuri, lakini usiku ule alikaribia kupigwa na akajua la kufanya. Sifuri ya namna hiyo ina uzito.

Chimaev naye ana usiku kama huo. Mapambano yake ya kwanza UFC yalikuwa kama mzaha: alishinda mara mbili ndani ya siku 10, Julai 2020, kisha Septemba akamlaza Gerald Meerschaert kwa ngumi moja katika sekunde ya 17. Hayo yote hayakuniambia chochote. Aprili 2022 Gilbert Burns alimkatalia mieleka, akampiga hadi akayumba, na Chimaev akalazimika kubadilishana naye ngumi raundi tatu. Alishinda 29-28 kwa majaji wote. Wapo walioshuka kwenye gari lake siku hiyo wakisema siyo jini tuliyedhani. Mimi ndiyo kwanza nilipanda.

Na upande wa pili kuna waliopoteza mapema na watu wakawasahau. Islam Makhachev alipigwa nokauti na Adriano Martins raundi ya kwanza, Oktoba 2015. Hadi mwisho wa 2025 hakuwa amepoteza tena. Alikuwa na ushindi 16 mfululizo ndani ya UFC, sawa na Anderson Silva, na mikanda ya uzani wa aina mbili. Merab Dvalishvili alipoteza mapambano yake mawili ya kwanza UFC. La pili lilikuwa la ajabu: alikuwa ndani ya kabali ya Ricky Simón kengele ilipolia, na mwamuzi akaamua kwamba alikuwa amekwisha zimia. Ungemchagua mtu huyo mwaka 2018? Septemba 2024 alimchosha Sean O'Malley, mtu wa ngumi aliyependwa kuliko wote kwenye uzani wao, akachukua mkanda. Charles Oliveira alifika UFC mwaka 2010 akiwa kijana wa miaka 20, akapoteza mara 8 njiani, na akawa bingwa Mei 2021. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na mashabiki tunaurudia msemo huo kila wiki, kisha tunamfuta kijana kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo usiisome sifuri peke yake. Angalia waliopigwa ni akina nani, na kama kuna pambano ambalo kijana alikuwa anapoteza dakika tano za kwanza. Kama halipo, bado hujamwona.

Muda wa kuiva

Mtu wa ngumi aliyekuja tayari huenda haraka ajabu. Alex Pereira alikuwa bingwa wa kickboxing (mchezo wa ngumi na mateke) wa uzani wa aina mbili; aliingia UFC Novemba 2021 akiwa na miaka 34, na mwaka mmoja baadaye, katika pambano lake la nne tu, akammaliza bingwa Israel Adesanya raundi ya tano akiwa nyuma kwa pointi. Lakini haraka hiyo ina siri yake. Pereira alikuwa anafanya mazoezi Connecticut kwa Glover Teixeira, mkongwe wa jujitsu aliyetwaa ubingwa akiwa na miaka 42. Kila siku alikuwa anabwagwa na mtu anayejua kubwaga. Matunda yalionekana Julai 2023 dhidi ya Jan Błachowicz: alipelekwa chini raundi ya kwanza, akapandwa mgongoni, na hakutiwa kabali. Alisimama akashinda kwa pointi, majaji wawili dhidi ya mmoja. Siyo pambano zuri. Ila mimi ndilo ningemwonyesha anayetaka kujua kwa nini Pereira amedumu.

Ukimtazama mtu wa ngumi chipukizi, basi, chunguza anafanya mazoezi na nani kabla hujachunguza nguvu ya mkono wake. Gym iliyojaa wapiga ngumi watupu itamzalisha Ngannou wa Boston.

Mtu wa mieleka huchukua muda mrefu zaidi, na umri mdogo unaweza kumdhuru. Raul Rosas Jr. alipata mkataba wa UFC akiwa na miaka 17, na watu wakaanza kuhesabu lini atavunja rekodi ya Jon Jones, aliyekuwa bingwa akiwa na 23. Aprili 2023 alimrukia Christian Rodriguez tangu kengele ya kwanza, akamng'ang'ania kama kupe, raundi ya kwanza ikawa yake. Ya pili pumzi haikuwepo. Ya tatu alikuwa yeye ndiye wa chini. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ila huyu alikuwa na miaka 18 na ana ukingo mwingine mbele. Wa aina yake mpe miaka mitano kabla ya kumhukumu.

Jambo la uzito nalitaja kwa kupita: kijana anayeshindwa kufikia uzani leo, atakusumbua kesho. Septemba 2022 Chimaev alipanda mizani akiwa na pauni 178.5 mahali palipotakiwa 171, pambano lake na Nate Diaz likavunjwa siku moja kabla. Ukiongeza na maradhi yaliyomtoa kwenye mapambano mengine, alipigana mara 9 tu UFC katika miaka mitano hadi kupata mkanda. Kumfuata ni kazi ya kusubiri.

Basi umchukue nani

Kama unatazama MMA mara moja moja, na unataka usiku ukiisha uwe na kitu cha kusimulia, chukua mtu wa ngumi bila aibu. Atapoteza, utaumia, miezi mitatu baadaye atamlaza mwingine na utasahau. Usijaribu kujipa mtihani wa kupenda kilichokuchosha.

Kama unataka mtu wa kukaa naye miaka kumi, unayetaka kumwona akikua, nakushauri mtu wa mieleka, lakini kwa sharti: subiri hadi umwone mwereka wake umekataliwa mara mbili mfululizo. Akirudi nyuma, akapiga ngumi, akajaribu tena kutoka pembe nyingine, mchukue. Akiinamisha kichwa na kuchupia miguu kwa mara ya tatu kutoka palepale, mwache wengine wamgombanie.

Nani ana nafasi kubwa ya kuvaa mkanda? Kwa macho yangu ni wa mieleka, na mabingwa wa 2024 na 2025 niliowataja hapa wanaelemea upande huo: Makhachev, Dvalishvili, Chimaev, Harrison. Topuria na Pereira wananipinga, na wanaoshabikia ngumi wana haki ya kunirushia majina yao. Ila kumbuka Topuria ana mkanda mweusi wa jujitsu. Kinachomzuia asibwagwe si ngumi zake.

Na Ngannou? Machi 2021 alirudiana na Miocic. Raundi ya kwanza Miocic akamwendea miguuni kama ile ya Boston, na safari hii Ngannou akarusha nyonga nyuma, akamlalia, akamzunguka mgongoni. Raundi ya pili akamlaza kwa nokauti. Miezi kumi baadaye, goti moja likiwa limeumia, alikuwa anapoteza kwa Ciryl Gane akiwa amesimama, akaanza yeye sasa kumwangusha mwenzake. Alishinda kwa pointi. Mtu wa ngumi kuliko wote niliowahi kuwapenda alitetea mkanda wake kwa mieleka.

Nickal naye nilikuwa nimemtoa kwenye orodha yangu baada ya goti la de Ridder. Novemba 2025, Madison Square Garden, alipewa Rodolfo Vieira, bingwa wa dunia wa jujitsu mara kadhaa, yaani mtu ambaye hutaki kwenda naye chini. Nickal alibaki amesimama, safari hii mikono ikijua kazi yake, na raundi ya tatu akamlaza kwa teke la kichwa. Nimemrudisha. Yuko nafasi ya tatu.